Usaili wa Marehemu

Viti vya chumba cha kusubiria cha kiwanda cha rangi vilikuwa vya plastiki, vimeunganishwa kwa bomba la chuma ili mtu asije akaondoka na kimoja. Ukutani televisheni ilionyesha tangazo la kiwanda chenyewe, bila sauti: baba, mama na watoto wenye meno mazuri wakipaka rangi sebule, na hakuna hata mmoja aliyechafuka. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, ila vikombe vilikuwa vimekwisha. Dada wa mapokezi alipoulizwa, alisema vikombe ni vya wafanyakazi.

Mjane alifika mapema, amevaa gauni la bluu iliyokolea na viatu alivyoazima kwa jirani, vilivyombana vidoleni. Alikuwa anaomba kazi ya kusimamia chumba cha kuchanganyia rangi. Kazi yenyewe aliijua vizuri. Alikuwa amesomea, na alikuwa amechanganya rangi kwa miaka mingi katika kiwanda kingine kidogo, upande wa pili wa mji, mpaka mwenye kiwanda alipokiuza na majengo kugeuzwa ghala la mitumba.

Hii haikuwa mara yake ya kwanza kuitwa. Mara ya kwanza aliitwa kufanya mtihani wa kuandika, ambamo hapakuwa na swali hata moja la rangi. Waliulizwa kinyume cha maneno, na babu aliyeanzisha kiwanda alizaliwa mwaka gani. Mara ya pili aliitwa kwa jaribio la vitendo. Waombaji walipewa aproni, wakaambiwa wachanganye kijani ya kupaka hospitali. Walichanganya kutwa nzima hadi mapipa yakajaa, na jioni likaja lori likayapakia. Mmoja wao aliuliza majibu yatatoka lini. Akaambiwa mtu mwenye haraka hafai kwenye rangi. Siku chache baadaye mjane alipita mbele ya hospitali, akaikuta kijani yake iko ukutani, imekauka vizuri, haina hata doa.

Mkuu wa ajira wa kiwanda hicho wafanyakazi walimwita Bwana Tutakupigia. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Aliamini linaonyesha kwamba anakumbukwa.

Mjane aliketi, akachomoa kisigino kimoja kwenye kiatu ili kupumzisha mguu, na alipoinua uso akamwona mumewe.

Alikuwa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, amevaa lile shati jeupe alilozikwa nalo. Kola ilikuwa imeingia udongo kidogo. Alikuwa amefariki mwaka juzi kwa maradhi ya kifua, baada ya kufanya kazi katika kiwanda hicho hicho, katika chumba hicho hicho cha kuchanganyia, ambamo feni ya kutolea hewa iliharibika na hakuna aliyeshughulika nayo. Uongozi ulisema kifua alikuja nacho kutoka kwao. Siku ya mazishi walimtuma dereva na kopo la rangi nyeupe, na salamu kwamba rangi hiyo inatosha chumba kimoja, kama ukuta haunywi sana.

Mjane alisogea kiti kwa kiti mpaka akafika karibu naye.

"Na wewe umeitwa, Baba Kipusa?"

"Nimeitwa," alisema marehemu. "Walinipigia."

"Walikupigia wapi? Simu yako iko kabatini chini ya mashuka, imezimwa."

Marehemu alifikiri kidogo. "Waliipata hivyo hivyo."

"Na ukaja moja kwa moja huku. Hata kupita nyumbani hukupita."

"Nilijua utakuwa umeshatoka."

Mjane aliitazama ile familia ya kwenye televisheni ikishangilia ukuta. Hakukasirika kwa sababu mumewe amerudi. Watu hurudi. Kilichomchoma ni kwamba kwa muda wote ule, kila jioni, sikio lake lilikuwa mlangoni, na huyu bwana hakusogea. Kisha kiwanda kikapiga simu mara moja tu, akainuka.

Dada wa mapokezi alikuja, akambandika marehemu kibandiko cha mgeni kifuani, akauona udongo uliodondoka chini ya kiti, akamwita mtu wa usafi aufagie.

Jina la mjane liliitwa kwanza.

Ndani kulikuwa na meza ndefu kupita kiasi. Upande mmoja aliketi Bwana Tutakupigia, na kando yake meneja wa uzalishaji, mtu mnene aliyekuwa akitafuna karanga kutoka mfukoni. Mkurugenzi alihudhuria kwa simu, iliyolazwa mezani kati yao. Kila baada ya muda simu ilisema, "Endeleeni."

"Tueleze kuhusu wewe," alisema Bwana Tutakupigia, huku akisoma kitu kingine.

Mjane alijieleza. Alipokuwa katikati, meneja aliuliza kama kuna mtu ameona kofia yake. Ilikuwa kichwani. Mjane akaendelea.

"Naona hapa kuna pengo," alisema Bwana Tutakupigia. "Karibu mwaka mzima hukufanya kazi yoyote."

"Nilikuwa nauguza."

"Ulikuwa unamuuguza nani?"

"Mume wangu. Alikuwa mfanyakazi wenu. Yuko hapo nje."

Meneja alitupa jicho mlangoni. "Yule mwembamba?"

"Huyo huyo."

"Mtu mzuri sana yule," alisema meneja, akimenya karanga. "Hakuwa na maneno."

Bwana Tutakupigia aliandika kitu, kisha akauliza udhaifu wake mkubwa ni upi. Mjane alikuwa ameshaambiwa na jirani mwenye viatu kwamba swali hilo lazima litakuja, na kwamba jibu lake ni kusema anajituma kupita kiasi. Lakini vidole vilikuwa vinamuuma, na kutoka mlangoni alikuwa anaisikia harufu ya udongo na ya tina ya kuyeyushia rangi, harufu aliyolala nayo kitanda kimoja kwa miaka mingi.

"Udhaifu wangu ni kwamba nahitaji hewa," alisema. "Feni ya chumba kile imeshatengenezwa?"

"Hewa," alirudia Bwana Tutakupigia taratibu, kama mtu aliyetajiwa jamaa asiyemfahamu.

Meneja akaacha kutafuna. Simu ikasema, "Endeleeni."

"Hilo liko kwenye mpango," alisema Bwana Tutakupigia. "Mtoto wako utakuwa unamwacha na nani?"

"Na bibi yake."

"Na bibi akiugua?"

"Nitamuuguza."

Aliandika tena, safari hii kwa mistari mirefu, akapigia mstari chini yake. Kisha akatabasamu, akafunga kalamu, na kusema maneno yaliyompa jina.

Mjane alitoka, akarudi kwenye kiti chake. Marehemu aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Aliinama hivyo kwenye kila mlango wa mkubwa tangu ujana wake. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa ubao mwembamba uliopakwa rangi ili uonekane wa tofali, kwa hiyo waliokuwa nje walisikia kila kitu.

"Naona hapa kuna..." Sauti ya Bwana Tutakupigia ilisita. "Mapumziko. Tangu mwaka juzi."

"Ndiyo, bosi."

"Umepumzika vya kutosha?"

"Nadhani hivyo, bosi."

"Safi. Tunapenda mtu anayejitunza. Na miaka mitano ijayo, unajiona uko wapi?"

"Pale pale, bosi."

Meza ikapigwa kofi. "Huyo sasa!" alisema meneja. "Hawa wengine unawafundisha leo, kesho wamehamia kwa jirani."

"Kuhusu chumba," alisema Bwana Tutakupigia, "kina changamoto ndogo ya hewa. Nadhani unakumbuka."

"Siku hizi sipumui, bosi."

Na hapo simu ilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema kitu kingine.

Katika chumba cha kusubiria, bwana mmoja aliyevaa tai alisimama, akavirudisha vyeti vyake kwenye bahasha. Alisema kushindana na mtu mwenye uzoefu anakubali, lakini hapa wamezidi. Alikwenda zake, na dada wa mapokezi akafuta jina lake bila kumtazama.

Mume na mke walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, wakifuata ukuta wa kiwanda. Marehemu alitembea upande wa barabarani, kama alivyozoea, ili magari yakirusha maji yampate yeye. Karibu na nyumbani mjane alivua viatu vya jirani, akavishika mkononi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Aliinua macho, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," alisema.

"Kidogo, mama."

"Wamewapa hata chai?"

"Hata maji, mama."

"Watu wale wale," alisema mama mkwe, akaendelea kuchambua mchele.

Kipusa alitoka ndani mbio na daftari lake la hesabu. Alikuwa ameota meno mapya mawili ya mbele tangu baba yake aondoke, na kwanza alimwonyesha meno, kisha akamwonyesha hesabu. Aliketi akimwegemea. Alisema baba ana baridi, akaenda kuleta kanga ya bibi, akamfunika mabega, wakaendelea na hesabu za sehemu. Marehemu hakuwahi kuziweza sehemu, na kifo hakikuwa kimemsaidia. Lakini alitikisa kichwa mahali panapostahili, na Kipusa akaridhika.

Baada ya chakula, ambacho marehemu alikaa nacho mbele yake kwa heshima bila kukigusa, mjane alimtuma Kipusa dukani, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Nafasi ni moja, Baba Kipusa."

"Moja? Nilidhani wanachukua wawili. Nilidhani tutakuwa pamoja."

"Ni moja. Na mimi nina mtoto, nina mama yako, nina mwenye nyumba anayekohoa mlangoni kila mwisho wa mwezi. Wewe unaitakia nini?"

Marehemu alivuta vidole vyake kimoja kimoja, havikutoa sauti. "Kule unaamka, hakuna pa kwenda," alisema. "Hakuna anayekuuliza kitu. Sasa mtu amenipigia, ameniita kwa jina, ameniambia ananihitaji. Nilifurahi, mke wangu. Sitakuficha."

"Mimi nilikuita kwa jina mwaka mzima."

Marehemu aliinamisha uso. Mama mkwe alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Nitajitoa," alisema marehemu hatimaye. "Wakiniita tena, nitawaambia hapana."

Waliitwa tena wiki ile ile, wote wawili, kwenda kupimwa afya katika zahanati ya kiwanda. Muuguzi alikuwa ni yule yule aliyekuwa akimpa marehemu dawa ya kikohozi enzi za uhai wake na kumrudisha zamu. Alimfunga mjane mkanda mkononi, akapima, akakunja midomo. Presha ilikuwa imepanda. Mjane alieleza kwamba ameketi kwenye benchi tangu asubuhi bila kupewa maji, na kwamba mtu yeyote ingempanda. Muuguzi alisema presha haina sababu, ina namba tu, na namba ndiyo inayoandikwa.

Zamu ya marehemu ilipofika, muuguzi alifunga mkanda, akaujaza upepo, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Akaandika kwamba haijapanda. Alimwekea chombo kifuani, akamgeuza, akamwekea mgongoni. Hapakuwa na mkoromo wala kikohozi. Alimwambia ni nadra kumpata mtu wa rangi mwenye kifua kimya kama kile, akampongeza.

"Umewaambia?" mjane aliuliza walipotoka.

"Nilitaka kusema, wakaniambia nivue shati."

"Na ulipolivaa?"

"Walikuwa wameshamwita mwingine."

Baada ya hapo kiwanda kilikaa kimya. Mjane alipiga simu mapokezi. Akaambiwa asipige, atapigiwa. Alikwenda mwenyewe, akaambiwa mkuu yuko kwenye kikao, na kwa mlango ulioachwa wazi alimwona mkuu amelala na mdomo wazi, tai imemwangukia begani. Siku zikapita. Marehemu alikaa nyumbani, akaziba bomba lililokuwa linavuja, akatengeneza mlango wa jiko. Kila alfajiri alisimama mlangoni amevaa shati lake, kisha akakumbuka, akarudi ndani. Mjane alianza kuzoea mgongo wake baridi kitandani. Alianza, hata, kufikiri kwamba wakikosa wote wawili haitakuwa vibaya sana.

Simu ililia kabatini asubuhi moja, chini ya mashuka. Ilikuwa imezimwa, na betri yake ilikuwa imekwisha kuvimba.

"Ipokeeni," alisema mama mkwe. "Inanitoboa masikio."

Marehemu aliipokea akiwa amesimama wima, mkono mmoja ubavuni. "Ndiyo, bosi," alisema. "Ndiyo, bosi. Hapana, bosi, sina shida na zamu. Asante, bosi."

Mjane alikuwa anapiga pasi sare ya Kipusa. Aliiweka pasi wima.

"Umesema ndiyo."

"Nilisema na hapana pia."

"Uliulizwa kama una shida na zamu!"

"Alikuwa anaongea haraka."

"Nenda," alisema mjane. "Nenda sasa hivi kwa miguu yako, usimame mbele yake, umwambie hukuitaka, wampe mtu wa pili. Neno lenyewe fupi tu."

Marehemu alitoka. Alirudi jioni akiwa na kofia ya kiwanda kichwani, mpya, yenye picha ya brashi mbele.

Alikaa kizingitini karibu na mama yake, akaivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Niliingia nimejipanga," alisema. "Nikasema, bosi, nimekuja kuhusu ile kazi. Akasema, najua, umekuja kushukuru. Akanishikisha kofia. Mtu ameshakushikisha kofia, unamwambia nini?"

"Baba yake alikuwa hivi hivi," mama mkwe alimwambia mjane. "Alikubali mambo mpaka watu wakamchoka."

Mjane aliicheka ile kofia. Kisha akalia kidogo, machozi ya hasira yaliyokauka kabla hayajafika kidevuni, akarudi kwenye pasi. Sare ilikuwa imeungua kwenye kola.

Marehemu alianza kazi kesho yake. Wiki ya kwanza alirudi kila jioni. Kisha meneja aligundua kwamba halali, hali, wala haendi msalani, akaona ni hasara kumruhusu aondoke. Akaanza kurudi siku moja moja, kwa muda wa kumtazama Kipusa akila. Kisha hakurudi. Feni mbovu iling'olewa ikauzwa chuma chakavu, na tundu lake likazibwa kwa saruji na kupakwa rangi. Wachanganyaji wengine waliokuwa hai walikohoa siku chache, wakaandikiwa kwamba wanaweza kuomba upya nafasi zao. Walipokuja kuomba, waliwakuta kwenye vile viti vya plastiki watu waliowazika wenyewe: fundi wa mapipa aliyeungua, na mama wa kufungasha makopo aliyeanguka ngazini. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, wakasubiri pamoja.

Mwisho wa mwezi ulipita bila kitu kuja. Mjane alivaa tena gauni la bluu, na viatu vyake mwenyewe safari hii, akaenda kwa Bwana Tutakupigia. Alikaa bila kukaribishwa.

"Nimekuja kwa ajili ya mshahara wa mume wangu."

"Mshahara upo," alisema Bwana Tutakupigia. "Tatizo ni akaunti. Benki iliifunga alipofariki. Wewe mwenyewe ulipeleka cheti cha kifo."

"Basi nipeni mimi. Mimi ni mke wake. Mirathi ni yangu na mtoto."

Bwana Tutakupigia alipendezwa na hoja hiyo. Aliegemea kiti, akaunganisha ncha za vidole.

"Mirathi ni mali aliyoiacha mtu alipokufa. Sivyo, mama? Sasa huyu alikufa kwanza, akapata kazi baadaye. Alichokipata baada ya kufa hakukiacha. Bado anacho."

"Anacho wapi?"

"Kwetu. Tunamtunzia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapokuja na akaunti."

Mjane alimtazama. Aliitazama tai yake, aliyatazama macho yake safi ya mtu aliyelala vizuri, akaitazama meza ile ndefu isiyo na kitu. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na njiani aliyapanga. Sasa aliona kwamba kumtupia mtu huyu maneno ni sawa na kuyamwaga chooni.

"Mlijua tangu mwanzo," alisema.

"Tunaajiri kwa sifa, mama. Wewe ulikuwa wa pili, tena ulifanya vizuri. Taarifa zako tumezihifadhi."

"Mlinichanganyisha rangi kutwa nzima."

"Na ilipendwa," alisema Bwana Tutakupigia kwa uchangamfu. "Hospitali wameagiza tena."

Mjane alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka. Pale mapokezi alichukua kikombe kwenye meza ya yule dada, kikombe cha dada mwenyewe chenye maua, akaenda kwenye mtungi, akanywa maji taratibu mpaka kiu ikaisha, akakirudisha. Dada wa mapokezi alifungua mdomo, akaufunga.

Alipata kazi baadaye, si kubwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimpa kibaraza cha mbele, achanganyie wateja rangi papo hapo, kwa kila kopo kitu kidogo. Palikuwa na vumbi la barabara na jua la mchana, lakini upepo ulipita pande zote. Mwenye nyumba aliendelea kukohoa mlangoni. Kipusa alipanda darasa.

Siku moja mchana mjane alifunga kibaraza, akaenda nyuma ya kiwanda, mahali ambapo ukuta uliachiwa uwazi wa wavu kwa ajili ya bomba. Alimwambia mlinzi amwitie mumewe. Mlinzi naye alikuwa marehemu, mtu mstaarabu, akaenda.

Mume alikuja anajifuta mikono. Ilikuwa kijani mpaka viwikoni, na haikuwa rangi ya juu juu. Ilikuwa imeingia ndani. Lile shati jeupe halikuwa na mahali peupe tena. Alisimama upande wake wa wavu.

"Kipusa hajambo?"

"Hajambo. Amepanda darasa. Sehemu zimemshinda, amechukua kwako."

Akacheka bila pumzi. "Na mama?"

"Yupo. Anakusema kila siku."

"Vizuri," alisema marehemu, akageuka kidogo kutazama nyuma yake, kama yuko karibu kuitwa. "Mke wangu, nimetumwa. Kuna mapipa mapya yanakuja, wanataka kuniongezea msaidizi. Walikukumbuka. Bosi amesema kwenye usaili ulikuwa mzuri kuliko wote, ulikuwa na tatizo moja tu."

"Tatizo gani?"

Marehemu alitazama chini. "Amesema lile huisha lenyewe. Nafasi watakuwekea. Hawana haraka."

Lori lilipita barabarani. Mjane alisubiri kelele zipungue.

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nilimwambia," alisema marehemu, na alisita, akanyoosha mabega chini ya shati lake gumu la rangi. "Nilimwambia nitakuuliza kwanza."

Katika uhai wake wote na baada yake, hilo ndilo jibu lililofika karibu zaidi na hapana, na mjane alilipokea hivyo. Aliingiza vidole viwili kwenye wavu, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. Kifungo kilikuwa kigumu kwa rangi, kikachukua muda.

"Mwambie nimekataa," alisema. "Mwambie nimekataa kwa mdomo wangu, na nikifa nitakataa tena."

"Nitamwambia."

"Hutamwambia."

"Nitajaribu," alisema marehemu.

King'ora kililia. Aligeuka, akaondoka kwa ule mwendo wake wa haraka, akainamisha kichwa kwenye mlango mrefu, akaingia. Mjane alizunguka kiwanda mpaka barabara kubwa. Langoni walikuwa wametundika kibao kipya, rangi bado mbichi: nafasi za kazi, uzoefu ni lazima, walio hai nao wanaweza kuomba. Watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni na bahasha zao, na baadhi yao walikuwa wakipumua. Mjane alikisoma kibao mpaka mwisho. Rangi ilikuwa imetiwa tina nyingi mno, ikachuruzika kutoka kila herufi. Alitema mate kando ya nguzo yake, akaenda kazini.